Bi mkubwa kavunjika nyonga, siku ya sita bado ana mpira wa mkojo. Hivi unatakiwa utolewe lini?

#1 Kitindamimba
Wakuu habari. Naingia moja kwa moja maana niko kwenye kiti cha plastiki pembeni ya kitanda na simu inakaribia kuzima.

Bi mkubwa ana miaka 79. Aliteleza usiku akielekea chooni, nyonga ya kushoto ikavunjika. Tulipofika mapokezi tu akawekewa mpira wa mkojo, na kusema kweli nilishukuru, maana kila wakijaribu kumwinua wamwekee beseni alikuwa anapiga kelele mpaka wagonjwa wengine wanageuka. Siku ya tatu akafanyiwa upasuaji, wakamwekea kichwa cha nyonga cha chuma. Siku ya nne kakalishwa kwenye kiti, jana kasimama na fremu ya kutembelea hatua nne. Leo ya sita na mpira bado upo. Nikiuliza naambiwa utatoka akianza kwenda chooni mwenyewe, sasa ataanzaje kwenda chooni mwenyewe na mfuko unaning'inia mguuni?

Jana usiku ndo kituko. Saa nane ananiamsha, anasema kuna uzi umechomoka kwenye gauni lake na yeye hawezi kulala na nguo inafumuka. Anavuta, anazungushia kidoleni, anavuta tena. Ule uzi ni mpira! Nikamshika mkono akaniita kwa jina la mdogo wake aliyefariki zamani. Asubuhi mkojo umekuwa wa rangi ya waridi, na daktari mmoja kijana kasema una uchafu, ni UTI, aanze antibayotiki.

Maswali mawili: mpira utoke lini? Na huku kuchanganyikiwa ni UTI kweli?

#2 Mchungulizi
Pole sana mkuu. Natia nanga hapa, baba mkwe yuko kwenye foleni ya upasuaji huo huo.

#3 NesiWaZamu
Pole Kitindamimba. Nimekaa wodi ya mifupa miaka mingi, ngoja nikwambie kitu ambacho tunakijua sote ila hatukisemi. Mpira unaingia kwa sababu nzuri, halafu sababu inaondoka na mpira unabaki. Siku ya kwanza mama yako alikuwa na sababu, mfupa umevunjika, haujarekebishwa, kila mtikisiko ni kisu. Hiyo inakubalika hata kwenye miongozo mikali kama njia nyingine zimeshindikana. Lakini mfupa ulirekebishwa siku ya tatu! Kuanzia kesho yake asubuhi mtu alitakiwa kusimama mbele ya ule mfuko na kuuliza wewe bado uko hapa kwa kazi gani. Mwongozo wa CDC, taasisi ya serikali ya Marekani ya kudhibiti magonjwa, wa 2009 unasema mgonjwa wa upasuaji aliyewekewa mpira kwa sababu inayokubalika, utolewe mapema iwezekanavyo, ikiwezekana ndani ya saa 24 baada ya upasuaji, isipokuwa kuna sababu mpya.

Na kila siku inayoongezeka ina gharama yake. Mgonjwa mwenye mpira, uwezekano wa kuota bakteria kwenye mkojo ni kama asilimia 3 mpaka 7 kwa kila siku moja. Ukifika mwezi karibu kila mtu anao. Sisemi wote wanaumwa, nasema wanao, kuna tofauti na naona tutagombana hapo mbele.

Hebu nitazamie vitu vitatu hapo ulipo. Mfuko uko wapi, mpira umefungwa kwenye paja au unaelea, na umeandikwa namba ngapi.

#4 FundiBomba
Mimi fundi wa mabomba sio wa watu, lakini bomba lolote lenye maji yanayokaa linaota utelezi ndani, na utelezi ule hautoki kwa kumwaga dawa, unabadilisha bomba. Samahani kwa kuingilia wasomi.

#5 NesiWaZamu
FundiBomba umecheka lakini umesema ukweli mtupu. Bakteria wanajenga utando kwenye kuta za mpira, dawa haiupenyi vizuri. Ndo maana mpira ukikaa muda na kweli kuna maambukizi unatolewa au unabadilishwa, hupigi dawa juu ya utelezi.

#6 Kitindamimba
Nimeangalia. Mfuko uko SAKAFUNI, umelala chini ya kitanda na gurudumu limeukanyaga pembeni. Paja halina plasta yoyote, mpira unaelea. Namba ni 18. Bi mkubwa mwenyewe ni kamwili kadogo.

#7 NesiWaZamu
Haya. Mfuko uning'inizwe kwenye chuma cha kitanda, chini ya usawa wa kibofu lakini usiguse sakafu, na bomba lisiwe na mkunjo. Akihamishwa kwenye kiti usiulaze juu ya mapaja yake, mkojo unarudi nyuma. Omba mpira ufungwe pajani kwa plasta wakiacha ulegevu kidogo. Ule uzi anaouvuta unavuta puto linaloushikilia mpira, lenye maji mililita 10 ndani ya kibofu, ndo chanzo cha waridi lako. Namba 18 kwa mama mdogo ni kubwa, mara nyingi 12 au 14 inatosha.

#8 FundiBomba
Namba 18 ndo milimita ngapi?

#9 TabibuKivuli
Gawa kwa tatu. Ni kipimo cha Charrière, yule mtengeneza vifaa vya upasuaji wa Paris karne ya 19. 18 ni kipenyo cha milimita 6, 12 ni milimita 4.

Sasa nije kwenye swali la pili. Mkuu, mkojo kuwa na ukungu au harufu kwa mtu mwenye mpira siku ya sita sio ugonjwa, kama alivyosema #3. Kuchanganyikiwa ghafla kwa mzee baada ya upasuaji tunaita deliriamu, na sababu ziko tele: dawa kali za maumivu, maumivu yenyewe, maji kupungua mwilini, chumvi kushuka, choo kufunga, nimonia, kukosa usingizi, kukosa miwani yake. Na mpira wenyewe. Watafiti Inouye na Charpentier mwaka 1996 walitaja vitu vitano vinavyomsukuma mzee wodini kwenye deliriamu: kufungwa mwili, utapiamlo, kuongezewa dawa zaidi ya tatu kwa mpigo, madhara yatokanayo na matibabu yenyewe, na katheta ya kibofu, yaani huu mpira wa mkojo. Kuna watafiti waliuita kamba ya kumfunga mgonjwa kitandani, na sio kwa utani.

Kwa hiyo inawezekana sio kwamba mpira umeleta UTI na UTI ikaleta kuchanganyikiwa. Inawezekana mpira umefika moja kwa moja bila kupitia UTI. Ana homa? Presha imeshuka? Anatetemeka? Anaumwa chini ya kitovu au ubavuni? Kama hana, miongozo ya 2019 ya madaktari wa maambukizi Marekani inashauri kwa mzee wa aina hii utafute sababu nyingine na umfuatilie kwa karibu kabla ya kukimbilia antibayotiki.

#10 MamaWawili
Naomba kutofautiana na #9, na natofautiana kwa uchungu. Baba yangu alivunjika nyonga, akaanza kuongea ovyo siku ya saba, tukaambiwa ni uzee, ni dawa, ni mazingira mapya, mpeni saa ya ukutani na miwani. Tukampa saa. Usiku ule homa 39, anatetemeka mpaka kitanda kinagonga ukuta, bakteria wameshaingia kwenye damu kutoka kwenye mkojo. Alilala chumba cha uangalizi siku tisa. Kwa hiyo hizi "tumfuatilie kwa karibu" zenu sijui nani anafuatilia saa tisa usiku na nesi ni mmoja.

#11 TabibuKivuli
Pole sana dada. Sipingi, ndo maana nimeuliza homa na presha kwanza. Baba yako alipoanza kuongea ovyo walimpima joto kila baada ya muda gani?

#12 MamaWawili
Mara moja asubuhi.

#13 TabibuKivuli
Basi hapo ndo pametuangusha, mimi na wewe.

#14 MzeeWaMagongo
Wanangu, mnaongea juu ya kitanda na aliyelalia hajaulizwa. Mimi ni huyo mgonjwa, miaka 81, nyonga ya kulia, mwaka juzi.

Mpira sio maumivu tu. Unahisi unataka kukojoa wakati wote na unaambiwa unakojoa tayari, sasa akili inakataa. Unakaza. Ukikaza mkojo unapita pembeni ya mpira na kulowesha shuka, halafu binti wa zamu anasema mzee leo umeharibu. Usiku wa pili niliamini kabisa nimefungwa na kuna mtu kashika kamba upande wa pili. Niliung'oa na puto lake. Damu yake sitaisahau.

Na wanaume mjue jambo hili ambalo halisemwi. Waliponiwekea upya walivuta ngozi ya mbele wakasahau kuirudisha. Kesho yake imevimba kama kitunguu na imeziba kule nyuma. Daktari alipofunua shuka alimtazama nesi, nesi akanitazama mimi, kana kwamba ni mimi niliyejisahau.

#15 Mchungulizi
Shikamoo mzee wangu. Hii ya ngozi naandika kwenye daftari la baba mkwe sasa hivi.

#16 MzeeWaMagongo
Marahaba. Andika kwa wino.

#17 Hesabu Kali
Mbona kuna mipira iliyopakwa madini ya fedha ya kuua bakteria? Si wangetumia hiyo tu mjadala uishe.

#18 TabibuKivuli
Ilijaribiwa Uingereza kwa wagonjwa 7,102, matokeo yakatoka kwenye jarida la kitabibu la Lancet 2012. Ile ya fedha haikupunguza maambukizi yenye dalili ukilinganisha na ya kawaida, ile iliyotiwa dawa ya nitrofurazone ilipunguza kidogo mno na ilikera zaidi wagonjwa. Mpira bora bado ni ule ambao haujawekwa.

#19 FundiBomba
Halafu huyu Foley anayeandikwa kwenye paketi ni kampuni ya wapi?

#20 TabibuKivuli
Sio kampuni, ni mtu. Frederic Foley, daktari wa mkojo wa Minnesota, Marekani, miaka ya 1930. Alilitumia lile puto hasa kuzuia damu baada ya upasuaji wa tezi dume. Hata hataza, ile haki ya kumiliki uvumbuzi, aliikosa, ikaenda kwa mwingine.

#21 FundiBomba
Kwa hiyo jina lake limebaki kwenye kitu ambacho kila mtu anataka kitolewe. Dah.

#22 Kitindamimba
Nimerudi. Homa hana, 36.8. Presha sawa. Tumbo anasema linajaa. Amenitambua asubuhi hii lakini bado anatafuta ule uzi kwenye gauni. Nimevalisha miwani yake ilikuwa ndani ya mkoba wangu tangu siku ya ajali, hilo ni langu nimekosa.

Mkojo wa kupima niliona unachotwa kutoka kwenye mfuko. Ni sawa?

#23 NesiWaZamu
Hapana hapana hapana. Mkojo wa mfukoni umekaa saa ngapi hujui, bakteria wamezaliana mle, utaotesha kila kitu. Unachukuliwa kwenye kile kitundu maalum cha kwenye bomba, kinasafishwa, kwa sindano safi. Usichomoe maungio ya mpira na mfuko, ule mfumo ukifunguliwa tu umekaribisha wageni. Na mpira ukiwa umekaa zaidi ya wiki mbili na maambukizi yanashukiwa kweli, unabadilishwa kwanza ndo sampuli inachukuliwa kwenye mpya.

#24 Sauti ya Chini
Sisi tulikuwa tunamsafisha bibi pale unapoingilia kwa dawa ya kuua vijidudu mara tatu kwa siku na bado akapata UTI. Nani kakosea?

#25 NesiWaZamu
Hakuna aliyekosea ila dawa kali haisaidii, sana sana inachubua. Maji na sabuni wakati wa kuoga panatosha, kutoka mbele kwenda nyuma kwa mwanamke, na akienda haja kubwa asafishwe mapema. Mikono ioshwe kabla na baada ya kugusa mfuko. Kuosha kibofu kwa maji kila siku "kukisafisha" nako hakuna faida, achana nako.

#26 Sauti ya Chini
Asante. Ila niulize jingine, mfuko wa bibi siku moja uligeuka ZAMBARAU. Familia nzima ilijua karogwa.

#27 TabibuKivuli
Hahaha hajarogwa. Inatokea hasa kwa wanawake wazee wenye mpira wa muda mrefu na choo kigumu. Tumboni bakteria wanavunjavunja kirutubisho kinaitwa triptofani, zao lake linapita ini na kutoka kwa mkojo, halafu bakteria wengine ndani ya mpira wanaligeuza kuwa rangi ya buluu na nyekundu, zikichanganyika na plastiki unapata zambarau. Inatisha macho kuliko inavyoumiza, ila inakwambia mpira umekaa sana na choo kimefunga.

#28 MamaWawili
Choo! Kitindamimba hebu jibu, bi mkubwa kaenda haja kubwa lini?

#29 Kitindamimba
...Tangu ajali hajaenda.

#30 MamaWawili
SIKU SITA. Watu mnajadili Foley na Paris huku.

#31 TabibuKivuli
Nimekubali nimepigwa. Na niulize ambalo nilitakiwa kuuliza mwanzo: nyumbani alikuwa anatumia dawa gani, na hapo anapewa ipi ya maumivu?

#32 Kitindamimba
Hapa anapewa tramado mara tatu. Nyumbani presha, na kile kidonge kidogo cha usiku cha miguu kuwaka moto, ana miaka mingi nacho. Nimeangalia boksi, amitriptilini.

#33 TabibuKivuli
Aisee. Hicho kidonge kinakausha mdomo, kinafunga choo, kinalegeza kibofu kisisukume, na kwa mzee kinavuruga akili. Ongeza tramado juu yake, nayo ina tabia hizo hizo. Mimi nasema mshukiwa namba moja ni huyo.

#34 NesiWaZamu
Kaka, kasema ana miaka mingi nacho na alikuwa anajua jina lake na la jirani. Kilichobadilika wiki hii ni nyonga, tramado, choo na mpira. Mimi bado naushika mpira.

#35 MamaWawili
Na mimi naishika UTI mpaka mkojo uoteshwe vizuri.

#36 Hesabu Kali
Kura tatu, mgonjwa mmoja.

#37 Kitindamimba
Taarifa. Leo raundi kapita daktari mkubwa. Kasimama, kauliza "huu mpira ni wa nini?" Watu saba wenye makoti meupe wakaangalia faili. Hakuna aliyejibu. Kasema utoke. Antibayotiki kasema zisubiri, wapime damu na chumvi, joto kila saa nne (MamaWawili nilikukumbuka). Shida, nesi wa zamu anasema lazima kwanza ubanwe kwa saa kadhaa na kuachiwa, ubanwe na kuachiwa, ili kibofu kifanye mazoezi. Kweli?

#38 NesiWaZamu
Sote tulifundishwa hivyo na nimebana mipira mingi sana kwenye maisha yangu, Mungu anisamehe. Ila ule mwongozo wa 2009 unasema wazi sio lazima, na uchunguzi haujaonyesha kwamba unarudisha mkojo haraka kwa mpira wa muda mfupi. Kwa mgonjwa aliyechanganyikiwa ni hatari zaidi, ukisahau kuachia kibofu kinajaa na hawezi kukwambia.

#39 Koplo Mstaafu
Nakataa. Mimi nilibaniwa siku mbili na nikakojoa siku hiyo hiyo.

#40 MzeeWaMagongo
Mimi sikubaniwa na nilikojoa siku hiyo hiyo.

#41 FundiBomba
Goli moja moja.

#42 NesiWaZamu
Muda wa kutoa nao ni mada. Kuna uchambuzi wa Cochrane, wale wanaokusanya tafiti nyingi na kuzilinganisha, kwamba mpira ukitolewa usiku wa manane mkojo wa kwanza unakuwa mwingi zaidi kuliko ukitolewa asubuhi. Ila mimi mzee wa nyonga simtoi usiku. Atataka kuinuka gizani kwenda chooni, na wengi ndo safari iliyowavunja. Natoa alfajiri, nikiwa na mchana mzima mbele yangu na watu wa mazoezi wapo. Maji ya puto yote yatolewe kwa sindano, na asitokee mtu wa kukata mpira kwa mkasi "hewa itoke", kuna puto haziishi na kipande kinaweza kurudi ndani.

#43 Kitindamimba
Umetoka saa sita mchana. Wamenipa jagi lenye mistari ya mililita. Sasa hivi saa kumi na moja, jagi kavu.

#44 Mchungulizi
Anakunywa?

#45 Kitindamimba
Anakataa. Anasema akinywa atakojoa na hataki kumsumbua mtu.

#46 MzeeWaMagongo
Hilo tunafanya wote. Mwambie wewe ndo unataka akojoe, kwamba unalisubiri jagi. Mpe kazi badala ya huruma. Na asikojoe amelala, hakuna mtu aliyezaliwa kukojoa amelala chali watu wamesimama. Mkalishe kwenye kiti cha choo kando ya kitanda, miguu iguse chini, uvute pazia, utoke.

#47 Kitindamimba
Saa kumi na mbili na nusu. Kakaa, kajaribu, matone tu. Wamekuja na kile kimashine kidogo cha kupima kibofu kwa juu ya ngozi: mililita 620. Wanataka kurudisha mpira. Nimesema ngojeni kwanza niandike hapa, wananiangalia kama chizi.

#48 NesiWaZamu
620 ni nyingi, kibofu kikivutika hivyo kwa muda misuli inachoka, lazima kitolewe leo, usigome. Ila omba wamtoe kwa mpira wa kuingia na kutoka mara moja, mwembamba, usio na puto, bila kuacha kitu ndani. Halafu aendelee kujaribu, wapime kila baada ya saa chache, ikipita kama 400 na hakojoi watoe tena. Uchunguzi wa zamani wa wagonjwa wa nyonga, mwanzoni mwa miaka ya 1990, waliofanyiwa hivyo walirudia kukojoa mapema kuliko walioachiwa mpira.

#49 TabibuKivuli
Niongeze kwa haki, majaribio ya baadaye hayakuona tofauti kubwa ya maambukizi kati ya njia hizi mbili. Faida ni kukojoa mapema na kutembea bila mzigo. Ila inahitaji mikono ya kumpima usiku kucha. Wodi yenye nesi mmoja inaacha mpira kwa sababu ya idadi ya mikono, sio ujinga, tuwe wakweli.

#50 NesiWaZamu
Asante kwa kulisema hilo. Usiku wa jana nilikuwa na wagonjwa thelathini na mbili.

#51 Koplo Mstaafu
Kama ni mwanaume angepewa dawa ya tezi dume mkojo ushuke.

#52 TabibuKivuli
Kwa mwanaume mwenye tezi kubwa inasaidia, huanzishwa kabla ya kujaribu kutoa mpira. Ila zinashusha presha mtu akisimama ghafla, na huyu kaanguka juzi tu. Unamponya mkojo unamvunja nyonga ya pili.

#53 Kitindamimba
Wametoa 600, mara moja, hakuna kilichobaki ndani. Kalala usingizi wa kwanza wa maana tangu ajali. Kidonge cha usiku daktari kakisimamisha, tramado imepunguzwa wamempa parasetamoli kwa saa maalum, na kesho asubuhi anapigwa enema, dawa ya kufungua choo inayopitia nyuma. Bomba la dripu lipo mkononi, hajaligusa.

#54 Mchungulizi
Ule uzi wa gauni?

#55 Kitindamimba
Hajautaja.

#56 FundiBomba
Uzi umehamia huku kwetu.

#57 Kitindamimba
Kesho yake. Enema saa mbili asubuhi, sitaelezea. Saa nne kakaa kwenye kiti, nimevuta pazia nikatoka kama mzee alivyosema, nikasikia. 180 kwenye jagi! Kilichobaki ndani 210. Mchana 250, kilichobaki 90. Kaniita kwa jina langu kaniuliza kwa nini nimekonda. Chumvi ya damu imekuja imeshuka kidogo, sio sana. Mkojo uliochukuliwa vizuri umeota bakteria, E. coli.

#58 MamaWawili
SI NILISEMA.

#59 TabibuKivuli
Dada, imeota lakini hana homa, hajapewa antibayotiki hata kidonge kimoja, na akili imerudi. Hiyo E. coli ni mpangaji tu. Kidonge kimesimama, akili imerudi.

#60 NesiWaZamu
Mpira umetoka, akili imerudi.

#61 MamaWawili
Choo kimetoka, akili imerudi, na mkojo umeanza saa mbili baada ya choo sio saa ishirini baada ya kidonge. Hapo hata UTI naiweka pembeni kwa leo. KWA LEO.

#62 Sauti ya Chini
Na miwani?

#63 Hesabu Kali
Mambo manne yamebadilishwa ndani ya siku moja. Hapo hata mahakama haiwezi kuhukumu.

#64 TabibuKivuli
Hesabu Kali uko sahihi na inaniuma. Kitindamimba, bado apimwe joto wiki hii yote, E. coli aliyekaa kimya leo anaweza kuamka. Akianza homa, kutetemeka au kulalamika chini ya kitovu usisubiri raundi.

#65 Mchungulizi
Baba mkwe kaingia thieta leo. Kawekewa mpira. Nimechukua kalamu ya wino nikaandika kwenye plasta ya mfuko: "Umewekwa leo saa tatu asubuhi. Wa nini?" Nesi kacheka, kaongeza chini yake tarehe ya kesho.

#66 MzeeWaMagongo
Na ngozi?

#67 Mchungulizi
Imerudishwa mzee. Nimeuliza mbele ya watu wote, mke wangu haongei na mimi.